Kuisubiri Kompyuta Izimike

Mezani kwa fundi, kompyuta ya mjukuu wangu iliwaka vizuri kama haijawahi kuugua.

“Mnaiona?” fundi alisema. Wenzake walimwita Bisibisi, na kweli alikuwa mwembamba hivyo hivyo. “Haina tatizo.”

“Nyumbani inajizimia yenyewe nikiwa katikati ya kazi,” mjukuu wangu alisema. “Ni pawasaplai, kaka. Waya nimebadilisha, soketi nimebadilisha.”

Pawasaplai ni kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme na kuugawa. Waranti yake, yaani dhamana ya kubadilishiwa bure, ilikuwa inaisha siku ile, duka likifungwa. Kesho yake asubuhi mjukuu wangu alitakiwa kumpelekea mhandisi ramani ya nyumba, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Asipoipeleka, ingepewa mtu mwingine.

“Dada, nakuamini,” Bisibisi alisema, “lakini wenye kiwanda wanataka nishuhudie mwenyewe. Ikizima hapa, nakutolea mpya pale kwenye rafu. Isipozima, sina la kufanya.”

“Basi tutakaa,” nikasema.

Alituletea kiti kimoja, kisha akaenda kutafuta cha pili bila kuombwa.

Tukakaa. Kompyuta nayo ikakaa, inanguruma taratibu, imetutolea macho. Bwana mmoja mnene aliyekuwa akingoja printa yake akacheka. “Sijawahi kuona watu wanaiombea kompyuta ife!”

Mjukuu wangu hakucheka. Wateja walikuwa wanapungua. Nikamwona anavua mtandio wake taratibu na kuusogeza kwenye matundu ya nyuma, pale panapotoka joto.

“Ukiyaziba hayo umeiua wewe,” Bisibisi alisema bila kuinua kichwa. “Waranti kwaheri.”

Aliurudisha mtandio shingoni. Nikamshika mkono.

“Mke mwenzangu,” nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana, “kwani nyumbani huwa unaiacha ikae bure namna hii? Si huwa unaifanyisha kazi?”

Akanitazama. Kisha akavuta kiti, akaifungua ile ramani kubwa yenye vyumba, mabomba na paa, akaanza kuchora. Sauti ya feni ya kompyuta ikapanda.

“Nyumbani kwenu kuna kiyoyozi?” Bisibisi aliuliza.

“Kuna dirisha,” nikajibu.

Akanyoosha mkono akakizima cha dukani. Joto likaingia mara moja. “Jamani, mnatupika!” yule bwana alilalamika. Nikamweleza habari ya waranti na ramani. Akavua koti. Printa yake ilikuwa tayari mezani, lakini hakuondoka.

Mjukuu wangu alikuwa amezama. Alikuwa anachora ngazi, ukingo kwa ukingo, ulimi umemtoka kidogo pembeni kama alipokuwa mtoto. Nilitazama shingo yake iliyolowa jasho, nikatazama mlango. Bisibisi alikuwa ameshachukua funguo za duka. Alizishika tu, hakuzitikisa.

Kioo kikawa cheusi.

“Imekufa!” yule bwana akaruka, akapiga makofi. Bisibisi alibonyeza kitufe, akabonyeza tena. Kimya. Akasaini karatasi ya waranti hapo hapo, kabla hata ya kugusa chombo chochote.

Lakini mjukuu wangu alikuwa ameshika kichwa. “Sijahifadhi. Bibi, sijahifadhi!”

“Ngoja kwanza, dada,” Bisibisi alisema. Akafungua skrubu, akakitoa kisanduku kibovu kikiwa bado cha moto, akafunga kipya. Yule bwana mnene alishika koti lake kifuani kama mtu aliye nje ya chumba cha upasuaji.

Kompyuta ikawaka. Ramani ikafunguka pole pole: vyumba vipo, mabomba yapo, paa lipo. Pale penye ngazi palikuwa peupe.

“Ngazi tu,” mjukuu wangu alisema. “Lakini kwa basi mpaka nyumbani, na umeme wetu ulivyo...”

Bwana mnene akatuaga, akamgusa bega. Bisibisi akateremsha mlango wa chuma nusu, akachukua ufagio.

“Chora, dada,” akasema. “Mimi bado nina sakafu.”

Akaanza kufagia. Alipomaliza, niliona anarudi pale pale alipoanzia, anafagia upya.