Sifa za Rabi Anshel

Breindel aliusoma mstari wa kwanza wa jiwe la kaburi la baba yake, hasira zikampanda. "Mtakatifu." Wa pili: "Nguzo ya ulimwengu." Wa tatu hakuumaliza.

"Nani kakwambia uchonge upuuzi huu?" alimfokea fundi.

Ovadya, aliyechonga mawe ya makaburi ya Yerusalemu miaka thelathini, alijipangusa vumbi usoni. "Kaka yako, mama. Mimi nachonga ninachopewa."

Getzel mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, koti jeusi linang'aa, ndevu zimechanwa vizuri. Mwezi uliopita, walipomzika baba yao, wafuasi wa rabi walimkalisha kwenye kiti cha marehemu ili awaongoze, na kiti hicho kilikuwa kimeshamlevya.

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Wosia uliusoma wewe, kwa mdomo wako, mbele yetu sote. Jiwe liwe na jina lake, jina la baba yake, tarehe. Basi! Alisema kila sifa mtakayomwongezea, mahakama ya mbinguni itamtaka aithibitishe. Mzee alikuwa analia alipoyaandika hayo, Getzel. Machozi nilimfuta mimi."

"Unyenyekevu tu ule. Watakatifu wote husema hivyo. Watu watakuja kuomba kaburini, wakute jiwe kama la muuza vitunguu?"

"Na wewe uwe mtoto wa muuza vitunguu. Hilo ndilo linalokuuma!"

Fundi alijifanya anatafuta patasi.

"Ovadya," Breindel alimgeukia, "hapo chini pana nafasi? Andika: Sifa hizi zimewekwa na Getzel mwana wa Anshel, kinyume cha wosia. Aulizwe yeye."

"Nafasi ipo," alisema fundi, akaokota penseli.

"Weka chini hiyo!" Getzel alipiga kelele, akalikumbatia jiwe kwa mikono miwili, koti likajaa vumbi. "Jina langu usilitie! Una wazimu? Huko juu wataniita mimi!"

Breindel alimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo kwa ndugu yake.

"Kumbe unaamini," alisema. "Nilidhani huamini, nikawa najipoza kwa hilo. Kumbe unaamini kila neno, na bado ulikuwa tayari baba akasimame pale peke yake."

Getzel aliliachia jiwe. Alimwambia fundi, bila kumtazama dada yake, alete jiwe jingine, la majina na tarehe tu.