Sharti la Mke wa Rubani

Wivu wa Mwanabaraka haukuwa wa mke mwenza. Ulikuwa wa simu ya jirani.

Jirani yake huyo pale Kawe, Kokushubila, naye mumewe rubani. Kila alasiri hutoa simu uani, mbele za watu. "Huyu hapa baba watoto, keshapita Mkuranga. Ngoja nibandike wali." Kindege kinatambaa kwenye kioo, na Mwanabaraka roho inamchonyota. Ndege anayoendesha Suhaib wake, ya injini moja, ya kupeleka abiria Mafia, haikuwa na kifaa cha kuonyesha ilipo. Ikishapaa, ndiyo basi.

"Shoga, wako yuko wapi saa hizi?"

"Angani," hujibu, akiangalia pembeni.

Mamlaka ya usafiri wa anga ilipotaka kila ndege ndogo ifungwe kifaa hicho, matajiri wa ndege waliita mkutano ukumbini Mikocheni, wakakusanya marubani na wake zao ili waonekane wengi. Mzee Gregori, tajiri wa Suhaib, akalia gharama.

"Tukilazimishwa, tunaziuza! Mgonjwa wa Mafia ataletwa mjini na nani?"

Hoja ilikuwa na nyama, tusimnyime haki yake. Ila watu hawa wakibadilisha magari huwasikii wakilia. Akampa Suhaib kipaza sauti.

"Mie nimeruka miaka yote bila kidude," Suhaib akasema kama alivyofundishwa. "Mungu ananiona."

Mwanabaraka akainuka. "Mungu anakuona. Mie je?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Shemeji ana wivu! Anataka kumchunga mume mpaka mawinguni!"

"Ninao! Tena namwonea wivu hata mjane. Mnamkumbuka Nassibu?"

Kicheko kikakatika. Walimkumbuka, ingawa walishajitahidi kumsahau. Ndege yake ilipotelea kusini mwa Mafia. Ikatafutwa kwa kubahatisha, bahari yote ile, kisha watu wakarudi kwenye biashara zao.

"Mkewe Najma yuko Buguruni, hajui ni mke au mjane. Hakuna mwili, hakuna hata kipande cha bawa. Eda hakukaa, mirathi hakupata, kuolewa hawezi. Kila akienda kwa shehe anaambiwa asubiri. Mie sisubiri." Akamgeukia mumewe. "Suhaib, kama utaendelea kuruka bila kuonekana, nitamkie talaka ya sharti hapa hapa, mbele ya mashahidi. Ukipotea mwezi mzima, niwe nimeachika. Nikae eda yangu, niolewe."

"Uolewe?" Suhaib alisahau kipaza sauti mkononi, ukumbi mzima ukamsikia. "Na nani?"

"Kwani wanaume wameisha Kawe?"

"Ana mtu huyo, braza!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Sasa wakamcheka mume. Suhaib akaanza kukagua wanaume safu kwa safu, kama vile bwana harusi mpya keshakaa mle na kanzu yake.

Mzee Gregori akagonga meza. "Ishu za chumbani mkamalizie nyumbani! Marubani mnaokikataa kifaa, mikono juu!"

Mikono ikapanda. Wa Suhaib ukabaki pajani.

"Suhaib?"

"Kifungwe, mzee. Kisipofungwa, mie siruki."

"Umeshikwa na mke, kijana?"

"Sitaki niwe naelea baharini, mwenzangu kakalia kochi langu."

"Haya. Kesho ataruka mwenzio Mashaka."

Na kweli, kesho yake Mashaka akaruka, na ndege ile ile, bila kidude. Abiria wala hawakuambiwa kitu. Lini waliwahi kuambiwa?

Suhaib alishinda sebuleni na pajama, hana kazi, anatafuna ukucha.

"Ni yule muuza samaki, au siye?"

Mwanabaraka alikuwa anajitanda mtandio mbele ya kioo. Akajitia wanja. Acha naye aujue moto huo unavyochoma.

"Unakwenda wapi?"

"Temeke."

"Temeke kwa nani?"

"Kwa mke wa Mashaka," akasema, akichukua pochi. "Nataka nimpeleke Buguruni, akamwone Najma."