Ganda Lenye Mistari

Mutunga alikufa ameshika lango la boma. Risasi zilimchana kifua, na moja ikamng'oa taya, lakini vidole vyake vilibaki vimekwama kwenye miiba kama vya mtu anayekataa kufukuzwa kwake. Mulei, kaka yake, alivichomoa kimoja kimoja. Hakulia. Alimlaza chini, akamfunika uso kwa koti, kisha akaanza kutembea ameinama, akipekua mavi ya ng'ombe kwa fimbo.

"Unatafuta nini, shemeji?" aliuliza Kalunde, mjane. Damu ya mumewe ilikuwa imekaukia kwenye leso yake.

"Maganda ya risasi."

"Ya nini? Nimekwambia nilivyoona. Kiongozi wao alikuwa na bunduki inang'aa. Dhahabu, Mulei. Kama kile kikombe cha padri."

"Magazini yake ilikuwa imepinda ama imenyooka?"

Kalunde alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nilikuwa nimelala kifudifudi, mavi mdomoni, watu wanamuua bwanangu. Wewe unataka nikwambie kama imepinda?"

Fimbo ya Mulei iligonga kitu kigumu. Alikuwa amelipata. Aliliokota ganda, akalifuta kwenye suruali, akaliinua juani. Lilikuwa refu, la shaba, na ubavuni mwake mistari myeusi ya masizi ilikuwa imeteremka sambamba toka shingoni.

Mistari hiyo aliijua. Alikuwa ameitumikia Kenya jeshini, akalala na bunduki ya G3 kitandani zaidi kuliko alivyolala na mkewe, na tumbo la G3 lina mifereji ndani. Kila risasi inayopita pale hutoka na alama hiyo. AK haichori hivyo. Ganda la AK ni fupi, limenenepa nyuma, na mara nyingi ni la chuma. Na huo mwaka wa 1992, serikali ya jirani imeshaanguka na silaha zinauzwa ovyo kama vitunguu, kila mwizi wa ng'ombe kati ya Garissa na Mwingi alibeba AK.

Kwa hiyo huyu si mwizi wa mbali, aliwaza Mulei. Huyu ana bunduki ya serikali.

Alipofika sokoni Ukasi alikuta watu wanaua. Abdille, mfanyabiashara Msomali wa mifugo aliyekuwa na duka karibu na barabara, alikuwa amelala vumbini, kichwa kimepasuliwa kwa rungu, mkono mmoja umevunjika na kugeukia upande usio wake. Kijana mmoja alikuwa anatoboa mtungi wa mafuta ya taa kwa msumari.

"Waria mwizi! Nyinyi ndio mnaleta majambazi hawa!"

"Nimenunua ng'ombe kwenu miaka yote!" Abdille alilia. "Hata Mutunga nimekula kwake!"

"Utakula moto leo!"

Mulei alipita katikati yao, akampiga kijana wa mafuta kofi lililomketisha chini. Kisha akainua lile ganda.

"Nani hapa amelala na bunduki zaidi yangu? Ajitokeze." Hakuna aliyejitokeza. "Basi sikieni. Ndugu yangu ameuliwa na hii. Hii ni ya G3. Angalieni mistari. Msomali gani wa hapa mmemuona na G3?"

Ganda lilipita mkono kwa mkono. Watu waliligeuzageuza, wakatikisa kichwa kukubali kana kwamba wamezaliwa wakijua. Halafu mama mmoja muuza ndizi akasema lile ambalo kila mtu alikuwa ameanza kuliwaza.

"Si Ndululu ndiye ako na G3?"

Ndululu alikuwa polisi wa akiba, homgadi kama walivyozoea kumwita, na bunduki yake ya serikali ndiyo pekee kijijini. Yeye na Mutunga walikuwa wamegombania kisima cha mchangani kiangazi chote. Mbele za watu wale wale Ndululu alikuwa amesema, "Mutunga, siku moja nitakunyamazisha." Na asubuhi hiyo Ndululu hakuonekana popote.

Mulei alimwinua Abdille, akamkokota mpaka dukani, akampasulia shuka ya kumfungia kichwa.

"Umeniokoa," Abdille alisema, meno yakigongana. "Sasa nisikize na mimi. Usiende na hasira. Hiyo bunduki ya dhahabu ambayo watu wanasema Kalunde aliiona, iko. Nimesikia Garissa. Yule mtawala wa nchi jirani alipotoroka, watu waliingia kwake wakabeba kila kitu, mpaka masinki. Mmoja akatoka na bunduki ya dhahabu. Imeuzwa, imeibwa, imeuzwa tena. Sasa iko na majambazi upande huu."

"AK," Mulei alisema.

"Mimi sijui ni nini. Ni dhahabu."

"Wakubwa kama hao hupaka dhahabu AK, Abdille. Nimeona kwenye gazeti. Mmoja hapa, mwingine kule, wote AK. Ndiyo fahari yao. Kalunde aliona jua limepiga chuma, akaona dhahabu. Mimi nimeona ganda."

"Ganda haliongei, ndugu yangu."

"Linaongea. Ni wewe huelewi lugha yake."

Mulei hakuwa na bunduki. Alikuwa na upinde wa babake na mishale iliyopakwa ivai, ile sumu nyeusi ya mti ambayo Wakamba waliangushia ndovu. Ikishaingia kwenye damu, moyo hukimbia, hujikwaa, husimama. Haina dawa. Alifungua ngozi iliyofunika ncha za mishale, akaona sumu bado inanata.

Njiani alikutana na Muthama, kaka mkubwa wa Ndululu, mtu mzito wa maneno machache, panga kiunoni.

"Nimesikia," Muthama alisema. "Usimfuate. Wazee waite kiapo cha kithitu. Mdogo wangu ataapa mbele ya kila mtu. Hakuna Mkamba anaapa kithitu kwa uongo, unajua kitamaliza watoto wake wote. Akikataa kuapa, mimi mwenyewe nitakuletea."

"Ako wapi?"

"Sijui."

"Unaona? Mtu asiye na hatia hulala kwake."

"Mulei, ngoja jioni tu."

"Mutunga hakungojewa jioni."

Muthama alishika kipini cha panga, akakiachia. Mulei akampita.

Nyayo za ng'ombe walioibwa zilielekea kusini-mashariki, kwenye vichaka vikavu. Hakuwa amefika mbali alipoona juu ya nyayo hizo alama za akala, viatu vya tairi, kimoja kimekatika kisigino. Akala za Ndululu kila mtu alizijua. Mulei aliguna. Basi ndiye anayeswaga ng'ombe wetu, aliwaza, bila haya, mchana. Aliacha kutembea, akaanza kukimbia.

Alimkuta jua likiwa utosini. Ndululu alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukingo wa mto mkavu, nyuma ya kichaka cha miiba, bunduki imeelekezwa chini mtoni. Mgongo wake ulikuwa wazi kama mlango wa kanisa. Mulei angeweza kumwita. Alilifikiria hilo kwa muda wa kuvuta pumzi. Kisha akavuta upinde.

Mshale ulizama chini ya mbavu. Ndululu alijikunja kama nyoka aliyekanyagwa, akageuza kichwa, akaona ni nani. Ajabu ni kwamba hakupiga kelele. Alijiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

"Nyamaza," alinong'ona. "Wako hapo chini."

"Nani?"

"Wenye kuua ndugu yako, mjinga wewe! Nimewafuata tangu alfajiri. Nilisikia risasi, nikakimbia hivi nilivyo. Nilikuwa nangoja wanywe maji, wapumzike." Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka usoni. Alijaribu kuufikia mshale, akashindwa. "Ni ivai?"

Mulei alitikisa kichwa kukubali.

"Mungu wangu, Mulei. Kwa nini?"

"Ganda ni la G3."

Ndululu alimsukumia bunduki kwa kiwiko. "Nusa mdomo wake. Nusa!"

Mulei alipiga magoti, akanusa. Palikuwa na mafuta ya zamani na kutu. Baruti hakuna. Alichungulia, akaona vumbi limegandamana ndani, vumbi la miezi. Bunduki hiyo haikuwa imelia tangu mvua zilizopita. Aliinua macho, akaona Ndululu anamtazama. Hakukuwa na chuki machoni, palikuwa na mshangao tu, kama wa mtu aliyeumwa na mbwa wake.

"Ningeapa," Ndululu alisema. "Mngeleta kithitu, ningeapa hata kwa watoto." Kisha tumbo likamkamata, akatapika, na miguu yake ikaanza kuchimba mchanga.

Mulei alimshika kichwa mapajani. Alijua hakuna la kufanya, na hakufanya. Moyo wa Ndululu uligonga chini ya kiganja chake, ukagonga, ukayumba kama mlevi. Povu lilimtoka mdomoni. Alipoacha kuchimba, Mulei alimlaza, akachukua bunduki, akavuta mtambo kwa uangalifu usilie.

Chini mtoni walikuwa watatu. Wawili walikuwa wamekaa kivulini wakila. Wa tatu, mtu mrefu mwenye jaketi la jeshi, alikuwa anawanywesha ng'ombe kwenye shimo la mchangani, akiwapigia mluzi na kuwabembeleza kwa Kikamba safi, kana kwamba amewalea yeye. Bunduki ilining'inia begani mwake. Jua liliipiga, ikawaka njano mpaka Mulei akafumba macho.

Dhahabu. Kalunde aliona dhahabu.

Alimpiga wa kwanza kivulini, kichwani. Chakula kilimtoka mdomoni pamoja na meno. Wa pili alitupa AK yake, akatimua mbio vichakani. Ng'ombe walichanganyikiwa, wakagongana, na yule mrefu akazama katikati yao, akafyatua kupitia miguu yao. Sauti ilikuwa ileile ya bunduki ya Mulei. Ilikuwa kama watu wawili wanajibizana kwa koo moja. Fahali mweupe wa Mutunga alianguka akipiga kelele, matumbo nje. Risasi ikamchana Mulei bega, nyingine ikapiga G3 aliyoshika na kuitupa mbali.

Hakuwa na muda wa kuitafuta. Alishuka ukingo kwa matako, akamrukia jambazi kabla hajaligeuza lile lichuma, wakaanguka wote kwenye shimo la maji. Mrefu alikuwa na nguvu. Alimng'ata Mulei shavuni mpaka nyama ikatoka. Mulei alimtia vidole machoni, akamkandamiza uso majini. Mtu yule aliinuka, akapumua, akapiga kelele kwa Kikamba:

"Niache! Ng'ombe chukua! Chukua na bunduki, ni ya rais!"

Mulei alimpokonya bunduki mkononi, akaigeuza, akampiga kitako usoni. Akampiga tena. Aliendelea kumpiga hata mikono ya yule mtu ilipokuwa imeshaacha kujikinga, hata maji ya shimo yalipokuwa mekundu, mpaka bega lake lilipokataa kuinuka.

Ndipo akaitazama.

Magazini yake ilikuwa imenyooka, haikupinda kama ya AK. Mpini wa kuvutia mtambo ulikuwa mbele, upande wa kushoto, pale pale mkono wake ulipouzoea. Mtu fulani alikuwa amelipa fundi achore maua na tai juu ya bati, akachovya kila kitu kwenye dhahabu mpaka tundu la kulengea, lakini mahali kiganja kinaposugua dhahabu ilikuwa imeambuka, na chini yake palikuwa na chuma cheusi anachokijua. Ilikuwa G3. Mtawala huyo hakufuata wenzake. Alipaka dhahabu bunduki yake mwenyewe, aliyoipenda yeye.

Maganda yalitapakaa mchangani, yote marefu, yote na mistari. Mulei hakuinama kuyaokota.

Alipanda ukingo mpaka kwa Ndululu, bunduki ya dhahabu mkononi. Nzi walikuwa wamefika kabla yake. Mshale wake ulikuwa umesimama mgongoni, na kwa mara ya kwanza akawaza kama mtu mwenye akili timamu. Ukichomoa huu mshale, na ukaweka mdomo wa bunduki ya dhahabu kwenye tundu lake, ukafyatua mara moja, Ndululu ameuliwa na majambazi. Atazikwa shujaa. Wewe umelipa kisasi cha wote wawili. Nani ataangalia chini ya risasi?

Alivunja mshale ukabaki kijiti. Akaweka mdomo wa bunduki.

Wangeamini, alijua. Angewaonyesha ganda, nao wangeligeuzageuza na kutikisa kichwa, kama walivyofanya asubuhi. Walilichafua jina la mtu huyu kwa sababu yeye Mulei aliinua kipande cha shaba juani na kusema kinaongea. Akikiinua tena, watasikia tena chochote atakachotaka wasikie.

Aliondoa bunduki. Alikuwa bado amepiga magoti aliposikia watu wakija mbio kufuata mlio wa risasi. Mbele yao alikuwa Muthama.

Muthama aliona ndugu yake. Aliona kijiti cha mshale. Akaona bunduki ya dhahabu, na ng'ombe, na maiti mbili kule chini, na kwa muda mfupi uso wake ulijaribu kuyapanga hayo yote kwa namna isiyoumiza.

"Ni wao?" aliuliza. "Mulei, ni wao walimuua? Kwa mshale?"

Mulei alitupa bunduki ya dhahabu ukingoni, ikabiringika mpaka mtoni, mbali na mkono wake. Watu waliikimbilia. Muthama hakuitazama.

"Alikuwa anawafuata wezi," Mulei alisema kwa sauti, wote wasikie. "Peke yake. Bunduki yake haijapiga hata moja. Nimemuua mimi, kwa nyuma, bila kumwita. Ulinikataza nikakataa."

Muthama alichomoa panga. Mulei hakuinuka. Alimvuta Ndululu kando kidogo, kwa upole, ili panga lisimguse maiti, akainamisha shingo.