Hariri Haisahau Sindano

Mama yangu ni fundi cherehani, na nilipomwambia nimepata nafasi ya kujifunza kuvalisha watu, alisimamisha cherehani akaniuliza hao watu wana ugonjwa gani. Nikamweleza kwamba ni wazima wa afya, wanapigwa picha za magazeti na matangazo, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuwachagulia nguo, kuziazima madukani, kuwavalisha na kuzirudisha. Mama alicheka mpaka akashika meza. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema, akaendelea kushona.

Basi hapo ndipo aliponitia moto. Mimi ukitaka nifanye jambo, nicheke.

Mwalimu wangu tulimwita Bi Vibanio, kwa siri lakini, maana vibanio vya chuma vilijipanga kwenye ukosi wa shati lake tangu asubuhi mpaka anafunga ofisi. Alinipa miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, ananiajiri niwe msaidizi wake. Nikishindwa, kila la heri. Mwezi wa kwanza sikugusa mtu. Nilinyoosha nguo kwa pasi ya mvuke, nilibandika selotepu chini ya viatu ili soli zisichubuke, nilificha lebo za bei ndani ya kola bila kuzikata, na niliandika kwenye daftari kila kilichoingia na kilichotoka. Sheria yake ilikuwa moja tu: nguo irudi kama ilivyokuja. Gauni likiwa pana halipunguzwi. Linakunjwa mgongoni na kubanwa kwa vibanio, mbele likae kama lilikatiwa mvaaji, na mpiga picha anajua asizunguke nyuma.

Vibanio vile vilinikera, nisiseme uongo. Mtoto wa fundi nifurahie kazi ambayo mbele ni harusi na nyuma ni matanga? Kila nikirudi nyumbani nilimsimulia mama, tukacheka wote, na mimi nikazidi kujiona najua kuliko aliyenifundisha.

Wiki ya kumi tukapata kazi kubwa. Daktari mmoja wa watoto, mama mtu mzima, alikuwa anapigwa picha ya jalada la gazeti. Gauni lake lilikuwa la hariri ya kijani, tumeliazima kwa mzee mmoja mwenye duka, na nusu ya nguo zetu nzuri zilitoka kwake. Bi Vibanio alilibana, akaitwa nje na mhariri, akaniachia. Daktari kila akikaa, vibanio vinamchoma. Aliniuliza kwa upole kama hakuna njia nyingine.

Kiherehere kikanipanda. Nikavitoa vyote, nikachomoa sindano ninayoichomeka kwenye ukosi tangu utotoni, nikapunguza kiuno pande mbili kwa mishono midogo ambayo hata mama angeikubali. Lilimkaa, jamani! Mpiga picha akamzungusha pande zote kwa raha zake, na daktari akanikumbatia. Bi Vibanio aliporudi akaona mgongo hauna hata kibanio kimoja, akanikabidhi mkasi mdogo nifumue.

Nilipofumua uzi ndipo nilipoelewa nilichofanya. Matundu yalibaki, mistari miwili, kiunoni kabisa. Hariri haisahau sindano. Mama alinifundisha hilo nikiwa na miaka minane, na mimi, fundi wa mdomo, nililisahau siku niliyolihitaji. Nilipitisha mvuke, nikasugua kwa ukucha, nikaomba dua. Matundu hayakuziba.

Bi Vibanio hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alifunga daftari polepole. "Utalirudisha wewe," akasema. "Mzee akikataa kutuazima tena, usirudi hapa."

Nyumbani mama hakucheka. Aliligeuza gauni dirishani, akapitisha kidole kwenye matundu, akaguna. Kisha akaniambia nilikunje vizuri, matundu yawe ndani. Mzee atakuja kuyaona baadaye, na nguo ile imepita mikono mingi, hatajua ni nani. Alisema kwa mapenzi, najua. Lakini niliwaka kama jiko la mkaa.

"Mama, mficha uchi hazai. Si wewe uliyenifundisha?"

Akanipokonya lile gauni, akalikunja mwenyewe, na matundu akayaweka juu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mzee kabla hajamaliza kufungua. Nilimwamkia, nikaliweka gauni kwenye meza yake, nikamweleza yote tangu vibanio mpaka sindano, bila kumtaja daktari wala kumsingizia mtu. Alivua miwani, akaitazama ile mistari, akaivaa tena. Alisema wenzangu humrudishia nguo zenye poda kwenye kola na jasho kwapani, zimekunjwa kama maandazi, na hakuna anayefungua mdomo. Akanishukuru kwa kusema kweli. Halafu akaniambia kwamba kweli haizibi tundu, na hatatuazima tena. "Nenda salama, binti."

Sikuenda. Machozi yalinijaa, na kwa kuwa sikutaka ayaone, nikageukia dirisha la duka. Pale palikuwa na sanamu imevalishwa gauni jekundu, zuri kweli, lakini limeining'inia kama limetundikwa msumarini. Ndiyo nguo ambayo kila mpita njia aliiona kwanza. Nikajikaza kisabuni nikamwomba mzee aniruhusu nilikalishe lile gauni, kisha niondoke nimwache na amani yake. Akainua mabega.

Mfukoni nilikuwa na vibanio sita, vile vile nilivyovicheka wiki kumi nzima. Nilikusanya kitambaa mgongoni, nikakunja, nikabana, nikarudi nyuma kutazama, nikabana upya. Viwili kwenye mabega, vitatu kiunoni, kimoja chini. Nikamwomba mzee atoke nje alitazame akiwa barabarani. Alitoka akinung'unika. Mwanamke aliyekuwa anapita na mkoba wake wa kazini akasimama kando yake, wote wawili wakawa wanatazama dirisha, na yule mwanamke akamuuliza jambo ambalo sikulisikia.

Mzee alirudi ndani akaizunguka sanamu. Akagusa kibanio kimoja kimoja, kama anavihesabu. Kisha macho yake yakatua kwenye ukosi wangu.

"Sindano unayo," akasema. "Mbona hukushona?"

"Gauni si langu, mzee."

Alienda mezani, akampigia Bi Vibanio simu, na mimi nikasimama pale pale. Alimwambia kwamba lile la kijani limeharibika na hajafurahi hata kidogo. Akamwambia pia kwamba nguo tulizoomba za kazi ya Alhamisi atazitoa. Upande wa pili nikamsikia Bi Vibanio anauliza amtume nani kuzichukua.

"Usimtume mtu," mzee akasema. "Huyu aliyeleta matundu yuko hapa. Namkabidhi yeye, na atasaini yeye."

Akanisukumia daftari lake. Nikasaini. Jina langu linasomeka.