Tokpoki Jikoni kwa Murielle

Murielle alikuwa msusi huko Yeoville, Johannesburg, na kwa miaka mingi alitazama tamthilia za Kikorea huku vidole vyake vikisuka. Televisheni ya saluni ilitundikwa juu ya kioo, kwa hiyo yeye, wateja na msusi mwenzake Orpha walilia pamoja na kucheka pamoja. Jambo moja tu lilimtesa. Kila wapenzi ndani ya tamthilia walipogombana, walikwenda kupatana kwenye kibanda cha barabarani, wakila vipande vinene vya mchele vilivyozama kwenye mchuzi mwekundu. Chakula hicho kinaitwa tokpoki, na Murielle alikuwa hajawahi kukionja.

"Siku moja nitakipika mwenyewe," alisema Ijumaa moja.

Orpha akacheka. "Ulianza kusema hivyo kabla sijaolewa."

"Basi Jumapili hii, tukitoka kanisani. Uje na njaa!"

Jumamosi alimchukua binti yake Chloé, wakapanda teksi, yale mabasi madogo ya huko, mpaka Cyrildene, kwenye maduka ya Wachina. Chloé, msichana wa miaka kumi na sita aliyezaliwa hapo hapo Johannesburg, alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza. Njia nzima alijificha ndani ya kofia ya sweta lake, kwa sababu mama yake alikuwa akiimba Kikorea cha kubahatisha mbele ya abiria wote.

Dukani, vipande vya mchele vilivyo tayari vilikuwa vimekwisha. Wakanunua unga wa mchele. Kisha Murielle akaliona kopo la pilipili ya Kikorea, jekundu, limepangwa kati ya chupa za sosi. Akapiga kelele hadi mwenye duka akaja mbio.

"Ndiyo hii! Chloé, ndiyo hii yenyewe!"

"Mama, tafadhali," Chloé alinong'ona, lakini alikuwa akicheka.

Jumapili mchana Murielle alikanda unga kwa maji ya vuguvugu, akaviringisha vipande vizuri kama vidole, akavitia kwenye maji yanayochemka. Vikayeyuka vyote. Mumewe Ruphin, aliyekuwa amelala baada ya zamu yake ya ulinzi, aliamka akachungulia sufuria.

"Mama Chloé, huu ni uji. Nikuletee sukari?"

"Toka jikoni, Papa Chloé!"

Simu ikalia. Alikuwa Orpha. "Tuko kwenye roboti ya Raleigh, hapa kwenye taa za barabarani, tunakuja. Nimeleta na wateja wawili!"

Murielle akaketi kwenye kiti cha plastiki, mikono yake yote myeupe kwa unga. Angewaambia nini? Chloé alimtazama, kisha akavua sweta, akanawa mikono na kufungua video kwenye simu yake.

"Maji yanatakiwa yachemke kabla hujakanda," alisema kwa Kiingereza. "Na kuna unga mwingine wa kushikisha. Wao wanasema wanga."

Murielle akaruka. "Muhogo! Si tuna unga wa muhogo?"

Wakaanza upya. Donge lilikuwa la moto, wakalikanda huku wakipuliza vidole na kurushiana maneno ya utani, mmoja akiviringisha, mwingine akikata. Kwenye sufuria nyingine walikuwa wamechemsha ndagala wakavu ili wapate supu, kwa maana video ilisema Wakorea nao hutumia samaki wadogo wa kukaushwa. Jambo hilo lilimfurahisha Murielle kupita kiasi. "Watu wa ziwa kama sisi!" alisema, yeye mzaliwa wa Bukavu, mji wa kando ya ziwa.

Vipande vikaingia kwenye maji. Vikazama. Wakainama juu ya sufuria. Kisha kimoja kikapanda juu, kikafuata cha pili, na ghafla vyote vikawa vinacheza juu ya maji, vizima.

"Mama, vinaelea! Angalia, vinaelea!" Chloé alipaza sauti, kwa Kiswahili safi, bila hata kujua.

Murielle alimkumbatia, wakarukaruka jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Orpha na wenzake walipoingia, sufuria ilikuwa tayari mezani: vipande vya mchele ndani ya supu ya ndagala, pilipili, sukari, kabichi na mayai, vyote vikiwa na rangi ile ile ya kwenye televisheni. Wakala kwa vijiti vya mishikaki. Orpha alitafuna polepole, macho yakajaa machozi.

"Ni pilipili au ni furaha?" Murielle akauliza.

"Vyote, mama. Eish, vyote!"

Ruphin alisema hicho si chakula cha mwanamume. Kisha akachota bugali, ule ugali wa kwao uliobaki jana, akauchovya kwenye mchuzi mwekundu, akala. Alipomaliza akajongeza sahani tena.

Chloé alikuwa tayari ameinua simu. "Mama, kuna nyingine. Chapati nono, ndani wanatia sukari na karanga."

"Tuna hamira?"

"Tunayo."

Wageni wakasogeza viti ili wapate nafasi ya kukanda, na Murielle akafunga kitenge chake upya, akawasha jiko.