Dereva Aliyeitwa Redio

Mtaa mzima ulimwita Mama Basi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Basi lenyewe lilikuwa pale uani, refu kuliko nyumba, limelalia upande wa kushoto ambako magurudumu yalikwisha upepo, rangi yake ya kijani imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Kuku walitaga kwenye viti vya nyuma. Kamba ya kuanikia nguo ilianzia kwenye kioo cha pembeni, ikaishia dirisha la jikoni.

Mumewe ndiye aliyelileta. Kampuni ya mabasi ya jiji ilipoyastaafisha magari yake ya zamani yote kwa mpigo, naye alistaafu mwaka huohuo, akalinunua lile alilokuwa akiliendesha, akalikokota mpaka nyumbani, akasema atalifufua. Hakulifufua. Kila jioni alipanda, akakaa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani na kutazama ukuta wa jirani mpaka chakula kiive. Halafu maradhi yakaja, yakamchukua, basi likabaki.

"Uza chuma hicho, mama," binti yake alikuwa akimwambia kwenye simu kutoka mji alikoolewa. "Unakaa na mzoga uani."

"Mzoga huo ndio uliokusomesha," mama anajibu, na mazungumzo yanahamia kwa wajukuu.

Lakini ukweli ni kwamba hakulipenda basi lile hata kidogo. Aliona kwamba lilimlia mume. Bwana yule alikuwa akitoka kabla hakujapambazuka, anarudi giza limeshaingia, na akirudi hana neno. Alikuwa mtu wa "mm". Mwambie chumvi imeisha, "mm". Mwambie mtoto kafaulu mtihani, "mm", ila hiyo inakuwa ndefu kidogo. Na Mama Basi alikuwa mwanamke wa maneno. Kazi yake ya ushonaji ilimweka nyumbani na cherehani kutwa nzima, kwa hiyo jioni mdomo ulikuwa unamwasha. Alisema, akachekesha, akalalamika, na mumewe akatafuna. Siku walipomzika, watu walimpa pole kwa kuondokewa na mwenzi. Yeye moyoni alikuwa na dukuduku asiloweza kumwambia mtu: kwamba ameishi na mume maisha yote hayo na hawajawahi kuzungumza.

Basi, Jumamosi moja wakabisha hodi watu watatu. Aliyetangulia alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mwembamba, kofia mkononi. Nyuma yake alisimama mzee mfupi mwenye mikono iliyoingia oili mpaka kwenye kucha, na mama mmoja wa miraba minne aliyekuwa anachungulia uani bila hata kujificha.

"Sisi tunajitolea tu, mama, hakuna anayetulipa," Mwalimu alisema. "Tunayakusanya mabasi ya zamani ya jiji, tunayatengeneza, yawekwe kwenye makumbusho ya usafiri pale ilipokuwa karakana ya kampuni. Hili lako ndilo la mwisho la aina yake. Mengine yote yaliyeyushwa yakawa masufuria."

"Kumbe miaka yote nawapikia watu kwenye ndugu zake," Mama Basi alisema.

Yule mama mnene aliangua kicheko ambacho kuku walikikimbia. Akaja mbiombio, akamkumbatia. "Wifi yangu! Ni wewe kabisa!"

Mama Basi alikakamaa kama mti. "Wifi wa wapi?"

"Mumeo alikuwa kaka yangu wa kazini. Mimi ndiye kondakta wake. Tumekula vumbi pamoja ndani ya basi hilihili mpaka kampuni ilipolistaafisha. Sasa nikuite nani?"

Kitu kilimchoma Mama Basi. Alikuwa akijua kwamba mumewe ana kondakta. Hakujua kwamba ni mwanamke, wala kwamba anacheka hivyo. Aliwaza kuwa mwenzake huyu ndiye aliyepata asubuhi zote za mtu yule na mchana wake wote, naye akaachiwa makombo ya jioni.

Hata hivyo alikubali kulitoa, kwa sababu binti alikuwa anamsumbua na kwa sababu alitamani kuiona tena nafasi ya uani. Kwa kuwa basi lisingeweza kuvutwa katika hali ile, ilibidi litengenezwe palepale lilipo. Kila Jumamosi wakawa wanakuja. Fundi, yule mzee mfupi, alijilaza chini ya injini akabaki miguu tu. Mwalimu alikwangua kutu na kueleza historia ya kila parafujo, hata pale asipoulizwa. Kondakta alisugua madirisha. Mama Basi alikaa ndani na cherehani yake, amewageuzia mgongo.

Jumamosi ya tatu, sauti ya Kondakta ilimfikia dirishani. "Redio angeliona basi lake linavyotagiwa mayai, angelia huyo!"

Mama Basi alitoka na sindano mdomoni. Akaitoa. "Redio ndiye nani?"

"Si mumeo."

"Mume wangu mimi?"

"Kwani ulikuwa na wangapi?" Kondakta aliacha kusugua. "Wifi, ina maana hujui? Mji mzima ulimwita Redio. Ukipanda basi lake humalizi safari bila taarifa ya habari. Anaongea kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho. Mpira, bei ya vitu, nani kaoa, nani kaachwa. Kuna watu waliacha mabasi mengine yapite, wasubiri lake."

Mama Basi alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye ngazi ya basi. Alijaribu kuupachika uso wa mumewe, ule uliokuwa ukitafuna kimya, kwenye mtu anayechekesha basi zima. Ulikataa kukaa.

"Nieleze," alisema.

Tangu siku hiyo Jumamosi zikawa na uzito mwingine. Ijumaa jioni alifagia uwanja. Asubuhi aliwasha jiko, akapika chai ya tangawizi, akaihamishia cherehani uani, karibu na pale Kondakta alipokuwa akifanya kazi. Alijitolea kushona upya vitambaa vya viti vyote, na mkono ukienda kwenye kitambaa, sikio liko kwa mwenzake. Kondakta alisimulia jinsi Redio alivyogombana na askari wa barabarani mpaka askari akapanda basi kumalizia ubishi, akasahau pikipiki yake njiani. Alisimulia jinsi mama mmoja alivyojifungua kwenye kiti cha nne, na dereva akawa anamwimbia ili asiogope, sauti mbovu kama mlango wenye kutu.

"Alikuwa anaimba?" Mama Basi aliuliza taratibu.

"Kuimba? Alikuwa anapiga kelele kwa mpangilio."

Usiku alijilaza upande wake wa kitanda akimwona mtu yule. Hakuwa akimkumbuka mume aliyemzika. Alikuwa anamtamani yule ambaye hajawahi kukutana naye. Ilimjia hamu kali ya kupanda basi lile walau mara moja, abiria tu kama abiria wengine, akae akisikilize kile kinywa. Katika miaka yote hakuwahi kulipanda. Njia ya mumewe ilikuwa upande wa pili wa jiji, naye alikuwa na nguo za watu za kumaliza.

Siku moja Kondakta alisimulia jambo lililoisimamisha cherehani. "Lakini abiria walipenda zaidi habari za nyumbani kwake. Wakishapanda tu wale wa asubuhi, mtu mmoja anauliza: 'Haya, Redio, mama kasema nini leo?' Naye anaanza. 'Mke wangu jana kaniambia hivi.' Watu mbavu hawana. Wifi, sisi tulikuwa tunakujua wewe kabla hatujakuona. Kila ulichosema usiku, asubuhi kilikuwa barabarani."

Mama Basi aliacha kitambaa kwenye sindano. Aliinuka, akaingia jikoni, akafunga mlango, akasimama mbele ya jiko lisilo na chungu.

Mwisho wa mwezi, Fundi alitoka chini ya injini akijifuta mikono, uso umemeta. "Wiki ijayo linaunguruma," alisema. "Nasafisha vipaipu vya dizeli leo, nafunga Jumamosi ijayo, tunaondoka nalo."

Alikuwa amepanga vifaa vyake juu ya gunia, kimoja kimoja, vimesafishwa vinang'aa. Wote watatu walipokwenda kunawa bombani, Mama Basi alipita kando ya gunia na beseni la vikombe. Akainama. Kipaipu chembamba cha shaba, kile kinachopeleka dizeli kwenye injini, kikaingia kwenye mfuko wa aproni. Baadaye kikalala kwenye mtoto wa meza ya chumbani, chini ya rili za uzi.

Walikitafuta mpaka wakachoka. Walipepeta mchanga, wakapekua viota vya kuku. Mwalimu alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote wa jiji bila kupata kinachofanana. Wakawa wanakuja Jumamosi na kazi haiendi, wanaishia kunywa chai, na Kondakta anasimulia. Mama Basi alishona kwa raha kama mtu aliyeongezewa umri.

Raha hiyo ilidumu mpaka siku Fundi alipokaa peke yake kwenye tairi, kikombe kimepoa mkononi.

"Huendi kutafuta, baba?" Mama Basi alimuuliza.

"Sina sababu. Nilikiweka mimi mwenyewe juu ya gunia. Naona kabisa mkono wangu ukikiweka." Aliutazama mkono huo. "Mama yangu alianza hivihivi. Kwanza funguo, halafu majina ya watoto. Nimemwambia Mwalimu atafute fundi mwingine. Mtu asiyejua alichokiweka wapi asiguse injini."

Mama Basi aliweka birika chini. Aliingia ndani, akarudi, akakiweka kipaipu kwenye kiganja cha mzee.

"Akili yako ni nzima, baba. Nimekificha mimi."

Fundi alikigeuza, akakitazama, akamtazama mwenye nyumba. Hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. "Wiki tatu sijalala," alisema. Akachukua mkoba wake wa spana, akatoka getini. Mwalimu akamfuata mbio, kofia mkononi.

Wakabaki wanawake wawili na kuku.

"Sasa kwa nini, wifi?" Kondakta aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulikuwa hujafika mwisho wa habari zake."

Kondakta alikaa kwenye ngazi, akakunja kitambaa chake cha kusugulia mara mbili, mara nne. "Mwisho nilifika zamani. Hizi Jumamosi za karibuni nimekuwa natunga."

"Unatunga!"

"Nilikuwa nakuona unavyosikiliza. Nani angeweza kukuambia zimekwisha? Yule mama wa kujifungua ni kweli, lakini sikuwa mimi wala kaka. Ilikuwa basi la wenzetu. Nyingine nimezitoa kichwani kabisa. Ukitaka nikutenganishie, nitakutenganishia."

Mama Basi alirudi kwenye kiti cha cherehani. Alihisi kama mtu anayeporwa kile alichopewa juzi tu. "Usinitenganishie," alisema mwishowe. "Moja tu. Ile ya 'mama kasema nini leo'."

"Hiyo kweli tupu."

"Nitajuaje kwamba nayo hukuitunga?"

Kondakta alifikiri, halafu macho yakamng'aa. "Kuna siku ulimwambia anakoroma kama lori linalopanda mlima na breki ya mkono haijaachiwa. Ukamwambia tena, 'nikikutikisa unabadilisha gia tu'. Aliirudia hiyo wiki nzima, wifi. Kila kituo. Abiria wakawa wakimwona wanaunguruma."

Neno hilo Mama Basi alikuwa amelisema chumbani, taa imezimwa, kwa mtu aliyemdhania amelala. Hakumwambia binti yake, hakumwambia jirani. Alijifunika uso kwa kitambaa cha kiti alichokuwa akikishona, akalia kwa sauti, na mwenzake akamshika mabega.

"Sasa kwa nini hakucheka palepale?" aliuliza alipopata pumzi. "Kwa nini hakunionyesha? Ningemwambia mengine elfu."

"Hilo sijui, wifi yangu. Sisi tulimpata akiwa barabarani."

Fundi alirudi Jumamosi iliyofuata. Alipokea chai bila kumtazama aliyempa, akanywa, akaomba sukari zaidi, na Mama Basi akajua kwamba amesamehewa. Mchana injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi uliowaingiza majirani ndani, ikakohoa tena, ikashika. Mwalimu alitoa machozi na kusingizia moshi.

Waliliondoa wiki ileile. Fundi aliendesha, Kondakta akaning'inia mlangoni akiita vituo ambavyo siku hizi vimejengwa maghorofa, na watu barabarani wakapunga mikono. Mama Basi alipewa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kile ambacho kitambaa chake alikishona kwa uangalifu kuliko vyote. Njia nzima alitazama kisogo cha Fundi na kujaribu kuweka kisogo kingine mahali pake. Injini ilikuwa na kelele hata asisikie mawazo yake, na akashangaa mtu aliwezaje kuongea juu ya kelele ile kila siku, kisha aje kwake kwenye utulivu anyamaze. Pengine alikuwa amechoka tu. Pengine aliogopa kwamba kwake yeye hatachekesha. Jibu halikuja, basi lilifika.

Sasa Jumamosi Mama Basi yuko makumbusho. Binti yake anasema mama amepata kichaa cha uzeeni, lakini anamletea uzi mzuri kila akija. Kuna viti vya mabasi mengine vya kushona, na kuna wageni. Mtu mwenye umri mkubwa akipanda basi la kijani na kuanza kushikashika mabomba ya kushikilia, Mama Basi huweka sindano chini.

"Uliwahi kulipanda hili?"

Wengi hawakulipanda. Wengine walilipanda lakini wanakumbuka joto na kubanana tu. Juzi bwana mmoja mwenye mkongojo alisema ndiyo, alikuwa akienda nalo kazini, miaka mingi, ila alikuwa akisinzia njia nzima kwa sababu ya zamu za usiku.

"Hukusikia chochote?"

"Nilisikia watu wanacheka," alisema yule bwana. "Kila asubuhi. Nilikuwa najiambia, kesho nitakaa macho nijue wanacheka nini."

Mama Basi alisogea kwenye kiti, akampisha nafasi. "Kaa hapa, baba," alisema. "Nieleze walikuwa wanacheka vipi."