Magome ya Upande wa Mawio

Mimi ni mtu wa hasira, na wote waliofanya kazi nami maabara wanalijua hilo. Nikikuta chupa haijaoshwa, nasema. Nikikuta mtu amekadiria kwa macho kitu cha kupimwa kwa mizani, nasema mpaka anatamani ardhi ipasuke aingie. Ndiyo maana watu wa Magamba walishangaa mwaka ule wa sabini na sita, nilipokaa kimya wiki tatu nzima. Walidhani naumwa. Salma, aliyekuwa akitupigia chapa barua zetu, aliniletea chai ya tangawizi na kunishauri niende hospitali. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimenaswa.

Nieleze vizuri. Juu ya Magamba, pembezoni mwa msitu, palikuwa na kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda. Usifikirie majumba makubwa. Vilikuwa vyumba sita vya mabati, jenereta moja lenye visirani, na shamba la mikwinini iliyopandwa na wakoloni kisha ikaachwa ijiotee. Gome la mti huo ndilo linalotoa kwinini, dawa ya malaria. Nchi ilikuwa inainunua dawa hiyo nje ilhali miti yenyewe inaota kwetu, na serikali ikasema sasa basi. Kitajengwa kiwanda chetu wenyewe, cha kisasa, chenye mtambo wa kuitoa dawa kwenye gome na kuisafisha mpaka iwe unga mweupe.

Kazi ya taasisi ilikuwa kukisaidia kiwanda hicho kabla hakijazaliwa: kuchagua mtambo, kukuza miche, kuwafundisha watakaouendesha. Lakini yote hayo yalisimama juu ya namba moja. Katika gramu mia za gome kavu, mna gramu ngapi za dawa? Zikiwa tano au zaidi, kiwanda kitajiendesha. Zikiwa chini ya hapo, mtambo utateketeza mafuta mengi bure, na waliopanda miti watabaki nayo mashambani.

Namba hiyo niliipima mimi. Ilitoka sita na nusu. Na magome niliyoyapima aliyaleta baba yangu.

Sikumwombea kazi. Walimchukua wenyewe, kwa sababu tangu Lushoto mpaka Mlola, kijijini kwetu, hapakuwa na mtu aliyeijua miti kuliko Mzee Mika. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na alikuwa pia mtu wa dawa za miti. Mchungaji alijua na alinyamaza, maana naye alikuwa na mgongo wake, uliokuwa ukitibiwa na Baba. Baba hakujua kusoma zaidi ya tarakimu na zaburi mbili tatu, lakini hilo halikuhitajika. Shamba lilikuwa na miti elfu mbili, kila mmoja umepigiliwa kibati chenye namba. Mkuu wa kituo, Daktari Anselm, aliandika namba zote kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya debe, akachomoa sitini bila kuangalia. Orodha hiyo akapewa Baba. Baba akaleta mifuko sitini, kila mmoja na namba yake, na kwa kila mfuko akaweka dole gumba kwenye daftari. Nilipima kwa miezi miwili. Ripoti ikaenda Dar es Salaam, na chini yake pameandikwa: Amepima, Yunis Mika. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nikiri kwamba niliuangalia ule mstari wa mwisho mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mtambo ukaagizwa. Baada ya hapo waliouza mtambo wakataka sampuli kumi zaidi wajaribu wenyewe, na asubuhi hiyo nikafuatana na Baba shambani, kunyoosha miguu tu.

Namba ya kwanza ilikuwa mia moja na kumi na nne. Tuliukuta mti wenyewe: umepinda, umeota kuvu shingoni, majani yanajikunja. Baba aliutazama kwa huruma kama anavyomtazama mgonjwa, akaupita. Akapanda mteremko mpaka kwenye mti mwingine, mnene, ulionyooka. Akavua kofia, akaomba maneno machache, akazunguka upande wa mawio, akakata kipande cha gome cha ukubwa wa kiganja. Kidonda cha mti akakisiliba udongo. Gome akalitia kwenye mfuko ulioandikwa mia moja na kumi na nne.

"Tate," nikasema, kwa Kishambaa chetu cha nyumbani, "mti wa namba hiyo ni ule wa chini."

"Nimeuona. Unaumwa."

"Lakini namba ni yake."

"Namba ni ya mfuko, mwanangu. Dawa inatoka kwenye mti. Wewe ungempa mtu mwenye homa dawa ya mti unaoumwa?"

"Na ile sitini ya kwanza?"

"Yote hivi hivi," akajibu kwa fahari. "Mti mzima, upande wa mawio, kabla umande haujakauka. Sikulipua hata mmoja."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, kisha ikakosa pa kwenda. Aliambiwa alete magome ya dawa, naye aliyaleta kama dawa inavyochumwa kwetu tangu enzi na enzi. Hakuna aliyemweleza kwamba tulitaka mizuri na mibaya pamoja, ili tujue shamba zima likoje. Daktari hakumweleza. Mimi sikumweleza, mimi mwenye cheti cha maabara, niliyekulia nyumbani kwake na kumwona akikata magome ya namna hiyo tangu sijaota meno ya ukubwani. Kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Siku zilizofuata nikakusanya mwenyewe magome ya ile miti sitini ya kwenye orodha, mmoja mmoja, nikisingizia kukagua vibati. Nikapima. Mbili na nukta nane. Nikapima tena. Mbili na nukta saba. Nikabadilisha dawa za kupimia, nikaosha kila chupa, nikapima mara ya tatu. Mbili na nukta nane.

Kunyamaza nisingeweza, kwa sababu amri ilikwisha kushuka vijijini. Kila kaya ya Mlola ing'oe kahawa yake na kupanda mikwinini ya kulisha kiwanda. Miche itatoka kwetu bure. Mkwinini unachukua miaka minane kabla ya kuchunwa gome. Baba alikuwa na mibuni mia tatu. Aliipanda na babu yangu, ndiyo iliyonisomesha, na mkononi hakuwa na kingine cha kumfikisha kaburini. Nikinyamaza, anaing'oa kwa ajili ya mti usio na kitu. Nikisema, swali la kwanza litakuwa nani aliyeleta magome.

Wiki ya tatu nikaandika barua, nikaingia nayo kwa Daktari Anselm.

Aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningejua pa kumpigia. Akainuka, akafunga mlango, akakaa.

"Ndugu Yunis, mtambo uko melini."

"Najua, Daktari."

"Mahali pa kiwanda pameshafyekwa. Waziri ameitaja sita na nusu mbele ya watu." Akasugua uso. "Barua hii nikiipeleka, watauliza nani alikosea. Niwajibu nini?"

"Waambie ni mimi. Mimi ndiye niliyepima."

Akafungua saraka ya meza, akatoa lile daftari, akaligeuza upande wangu. Ukurasa baada ya ukurasa, namba na dole gumba, namba na dole gumba, sitini zote, wino wa buluu.

"Wewe ulipima ulicholetewa, na ulipima sawasawa. Hilo litaonekana. Lakini mzee huyu ameweka dole mara sitini akisema gome ni la mti huu, kumbe si la mti huo. Unajua tuko kwenye nyakati gani. Siku hizi hakuna kosa, dada yangu. Kuna hujuma tu. Watakuja na Landrova, watamchukua, na hakuna mwanasheria atakayesimama kueleza habari za mawio na umande."

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Sijakwambia unyamaze. Sikwambii kitu." Akanirudishia barua kwa mikono miwili, kwa adabu. "Ukiileta tena Jumatatu, nitaipeleka. Naapa nitaipeleka. Na mimi nitaondoka na yeye. Fikiri."

Nilitoka nikiwa nimeishika ile barua na sijui niitie wapi. Nilimchukia kwa kuniachia mimi. Angenikataza, ningegombana naye, na ugomvi naujua. Lakini kuchagua kati ya kahawa ya Baba na Baba mwenyewe, hilo sikufundishwa na mtu.

Jumamosi nikapata lori la mboga linalorudi Mlola. Njiani nilijipangia maneno. Nitamweka Baba peke yake, nitamweleza polepole, kisha nitamwachia achague yeye. Akisema peleka barua, nitapeleka na nitakwenda naye huko watakakompeleka. Akisema nyamaza, basi nitanyamaza kwa idhini yake. Ulikuwa woga mtupu, kumtwika mzee mzigo wangu, lakini nilishaona ndiyo njia pekee, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu nilipumua.

Nilishuka sokoni, nikapanda kilima kwa miguu. Kwenye kona, mahali ambapo siku zote unaanza kuona kahawa yetu juu ya paa, niliona udongo mwekundu.

Nilikimbia. Mibuni ilikuwa imelala mistari kwa mistari, mizizi juu, buni mbichi bado zimo kwenye matawi. Yote mia tatu. Baba alikuwa amesimama katikati, amevaa koti lake la kanisani, mikono imejaa matope mpaka kwenye viwiko. Mama yangu, Klara, alikuwa amekaa mlangoni amejifunga kanga kichwani. Na ukingoni mwa shamba walikuwa majirani, kama kumi na watano, kila mmoja na jembe lake.

"Shikamoo, Tate."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wakati wake hasa." Akacheka. Sikumbuki kumwona na furaha ya namna ile tangu siku ya kipaimara changu. "Hawa wanaogopa. Wamepewa mpaka Jumatatu, na mpaka leo hakuna aliyegusa mbuni hata mmoja. Wiki iliyopita mwenyekiti alileta ripoti mkutanoni, akaisoma mpaka mwisho, nikasikia jina lako. Amepima, Yunis Mika. Mbele ya kijiji kizima! Nikasimama nikawaambia, kama ni Yunis aliyepima, basi mimi nitakuwa wa kwanza. Mwanangu huyu namjua, chumvi ya mboga tu anaipima kwa kijiko."

Watu wakacheka.

"Tate, nina neno na wewe. Tuingie ndani."

"Liseme hapahapa. Neno lako ndilo wanalolingoja."

Mama Josephina akasogea mbele. Alikuwa mjane wa shamba la chini yetu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Alishusha jembe begani, akaliegemea.

"Yunis, mwanangu. Mimi nina mibuni themanini tu, na wajukuu watano. Mwenyekiti simwamini, bwana shamba simwamini. Wewe nakuamini. Ile sita na nusu, ni ya kweli?"

Barua ilikuwa ndani ya blauzi yangu. Niliihisi kila nilipovuta pumzi. Nikisema hapana, wale kumi na watano wangerudi nyumbani kwenye kahawa yao, wakiwa hai na wakiwa na kitu. Na ifikapo jioni kila mtu Mlola angekuwa anauliza magome aliyaleta nani, na jibu lilikuwa limesimama pale na koti la kanisani, kati ya mibuni mia tatu aliyoing'oa kwa mikono yake kwa sababu ya jina langu. Wangemcheka kwanza. Halafu wangemchukua. Nilimtazama. Hakuwa akinitazama kwa wasiwasi hata kidogo. Alikuwa akiwatazama wao, kuona nyuso zao nitakapojibu.

Mimi, ambaye simwachii mtu kosa la chupa chafu, nikasema:

"Ni ya kweli, mama."

Mama Josephina aliitikia kwa kichwa taratibu. Akanishukuru. Alinishukuru kwa Kishambaa, kwa maneno marefu ya heshima anayopewa mtu mzima aliyekusaidia jambo. Kisha akaliinua jembe, akashuka njia ya kwenda kwake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila haraka. Haukupita muda tukaanza kuyasikia majembe, kwanza lake chini yetu, halafu ya ng'ambo, halafu kilima kizima.

Baba akanishika bega kwa mkono wake wa matope.

"Umeona?" akasema. "Walitaka kusikia kwako tu."